Kurudi Shuleni Singida: Ada Ndiyo Gharama Ndogo

Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa mwaka 2016, lakini watoto wa Mkalama, Ikungi na Itigi bado wanaacha masomo: mifugo, vitunguu, machimbo, mimba. Mzazi anayemtafutia mwanawe njia nyingine aanze kwa kuuliza atalala wapi.

Njia rahisi kuliko zote ni shule ileile aliyoiacha. Tangu Novemba 2021 serikali inawaruhusu waliokatisha masomo, wakiwemo waliojifungua, kurudi kwenye mfumo rasmi, na muda uliowekwa ni miaka miwili. Mwone mkuu wa shule kabla haujapita. Aliyeishia shule ya msingi ana MEMKWA, darasa lisilo na ada ndani ya shule za msingi za serikali.

Muda ukipita, ipo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima (TEWW). Hapo kidato cha kwanza na cha pili husomwa kwa mwaka mmoja, cha tatu na cha nne mwaka mwingine. Ni nafuu kwa mfuko, ingawa mwendo huo humtoa jasho aliyeachwa na hesabu tangu darasa la tano. Wasichana wamekuwa wakisoma bila ada kupitia mradi wa SEQUIP. Ofisi ya TEWW ya mkoa itakwambia kama nafasi zipo, na kituo gani.

Vituo vya watu binafsi vinajipangia bei, na vingine hutaja ada ya mwezi tu. Dai hesabu nzima, mitihani ikiwemo. Asiyemaliza kidato cha pili hulazimika kufaulu kwanza Mtihani wa Maarifa (QT), ada yake 30,000, ndipo afanye wa kidato cha nne kwa 50,000. Hizo ni 80,000 kabla hujamlipa mwalimu hata senti.

Kama kijana hataki tena kusikia habari za darasani, usimlazimishe. VETA Singida inafundisha ufundi, na ada iliyozoeleka katika vyuo vya VETA ni 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa, 120,000 kwa wa bweni. Wazazi wengi hukimbilia ile ndogo. Tofauti yake ni 5,000 kwa mwezi, na sijui chumba gani Singida mjini utapanga kwa pesa hiyo. Anayetoka mbali achukue bweni.

Kwa binti mwenye mtoto mchanga, ningeanzia chuo cha maendeleo ya wananchi, Singida au Msingi kule Mkalama. Vyuo hivi ndivyo vilivyobeba mpango wa Elimu Haina Mwisho, wenye malezi ya mtoto wakati mama yuko darasani. Yaya wa kulipwa angemeza ada ya chuo chochote nilichokitaja.

Anayelenga mtihani asisubiri mavuno ya alizeti: usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa Januari, na ukivuka Februari unalipa na faini.