Juu ya Nini Tunatukanana Katika Michezo ya Telefone?

Katika toleo hili tunataka kueleza habari ya ile michezo ya telefone inayochezwa na watu wengi pamoja kwa intaneti, kama vile Free Fire. Hatuulizi kama kucheza ni vizuri ao vibaya. Wazazi wanatuambia hilo kila jioni. Tunauliza hivi: juu ya nini kijana mpole, ambaye darasani hasikiki sauti, akishika telefone anamtukana mtu wa ekipe yake mwenyewe? Adui anamwacha, mwenzake ndiye anamtukana.

Tuanze na pointi. Katika Free Fire watu karibu 50 wanashuka katika kisiwa kimoja. Wakigawanyika kwa vikosi vya watu 4, kikosi kimoja tu kinashinda, wengine wote wanarudi mikono mitupu. Wengi kati yetu wanafikiri: nikizoea sana, nitashinda kila siku. Hapana! Michezo mingi ya namna hii inajaribu kukukutanisha na watu wa nguvu sawa na yako. Ukipanda wewe, adui zako nao wanapanda.

Namna hii ya kupima watu ilianza zamani, mbele ya telefone. Arpad Elo, mwalimu wa fizikia aliyezaliwa Hungaria na kukaa Marekani, alitengeneza hesabu ya kupima wachezaji wa sataranji, ndio ule mchezo tunaouita eshek. Shirikisho la dunia, FIDE, liliikubali mwaka 1970. Kwa hesabu hiyo, wawili wa nguvu sawa wakicheza, mshindi anaweza kupata pointi 10, na mwenzake anapoteza 10. Michezo ya telefone ina hesabu zake, kila mmoja namna yake, lakini wazo ni la ukoo mmoja.

Sasa tazama tofauti. Kwa eshek mtu yuko peke yake; akishindwa, atalaumu kichwa chake. Katika Free Fire kazi ni ya watu wanne, lakini cheo ni cha mtu mmoja mmoja. Hapo ndipo moto unawaka. Kosa la mtu nisiyemjua hata sura linashusha jina langu. Ni sawa mwalimu angekupa pointi za mtihani kwa kutazama karatasi ya jirani yako. Nani angenyamaza? Tena msimu ukiisha, cheo kinashushwa, na kila mtu anaanza kupanda mlima tena.

Na sisi watu wa Kalemie tuna shida ya kuongeza juu ya hiyo. Kila ukifinya, telefone inatuma habari mpaka kwenye kompyuta kubwa ya mchezo, kisha inangoja jibu. Tuseme kompyuta hiyo iko mbali kilometa 8.000. Mwanga ndani ya waya wa kioo unakimbia karibu kilometa 200.000 kwa sekunde. Basi kwenda na kurudi ni milisekunde 80, hata njia ikiwa nyeupe kabisa. Ongeza antena inayolemewa jioni wakati watu wote wanaingia, ongeza umeme kukatika, ongeza mega kuisha. Mchezaji wetu anafinya, na mtu wake amesimama tu sawa muti, mpaka anapigwa. Wenzake walio mbali wanapiga kelele: "We, unalala? Toka mu ekipe!" Hawaoni rezo. Wanaona muti.

Wazee wanakumbuka jambo linalofanana. Mwaka 1974 Zaire ilikwenda Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi, ekipe ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika huko. Ilishindwa na Scotland 2-0, na Yugoslavia 9-0, na Brazil 3-0. Katika mechi ile ya Brazil, wakati Wabrazil walikuwa wanajitayarisha kupiga mpira wa adhabu, Mwepu Ilunga alitoka mbio katika ukuta akaupiga mpira mbali. Dunia ikacheka: hawa hawajui sheria! Lakini ndio wale waliochukua Kombe la Afrika mwaka ule ule, na Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano hayo. Miaka mingi baadaye Mwepu alieleza kwamba walinzi wa rais walikuwa wamewatisha: wakifungwa 4 na Brazil, hawatarudi kwao. Waliocheka waliona mguu wake tu.

Woga unaharibu hata mkono uliozoea. Mwaka 1984 Roy Baumeister, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, aliandika majaribio yake juu ya jambo hilo, na moja alilifanya mahali pa kuchezea michezo ya video. Mtu akisukumwa sana afanye vizuri, anaanza kuangalia vidole vyake mwenyewe, na kazi iliyokuwa inajiendesha inavunjika. Basi yule anayepiga kelele "Usikose! Usikose!" anajitafutia kosa lenyewe.

Tumeona wengine hapa kwetu wakiuliza mbele ya kuanza: "Rezo yako iko namna gani leo?" Mwenye rezo mbaya anabaki nyuma kulinda, hatumwi mbele. Cheo chao hakipandi upesi sana, tunasema kweli, lakini mpaka sasa wanacheza pamoja.

Mwalimu wa hesabu akikubali, katika toleo lijalo tutaweka hesabu ya Elo yenyewe, na tutaijaribu kwa mashindano ya dama kati ya darasa la tano na la sita.