Viazi Lishe: Kuonja Kwanza, Maelezo Baadaye

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, maarufu kama viazi lishe, vina betakarotini, kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Upungufu wa vitamini hiyo hudhoofisha kinga ya mtoto na waweza kumpofusha. Hata hivyo, mlaji aliyezoea viazi vyeupe huvitilia shaka viazi hivi kwa rangi na ulaini wake. Kwa hiyo, mwelimishaji wa kikundi achemshe aina zote mbili. Kila mshiriki, watoto wakiwemo, aonje kwa kijiko chake. Ndipo faida zielezwe. Viliwe pamoja na mafuta kidogo, yanayousaidia mwili kufyonza kirutubisho hicho. Sokoni, mwombe muuzaji akate kiazi kimoja, kwani ganda halionyeshi rangi ya ndani.