Taa ya Kwendea Porini Usiku

Ukikaa Itetemia, makao ya watemi wa Unyanyembe, wajua kwamba safari nyingi za kwetu hazingoji mchana. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliochukua mizigo kati ya Tabora na pwani, walizoea kuondoka kambini mapema ili kuliepuka jua kali. Burton na Speke walipofika hapa mwezi wa Novemba 1857, walikuja na misafara ya namna hiyo. Leo hakuna tena misafara ya pembe. Lakini mrina asali bado aingia porini usiku, mama mjamzito bado asindikizwa zahanati kabla ya kucha, na watu bado warudi kwa miguu kutoka mkesha wa Pasaka. Basi yafaa tujue kuchagua taa.

Siku hizi madukani kuna tochi za kufungwa kichwani kwa mkanda. Faida yake ya kwanza ni kuiacha huru mikono yote miwili. Apandaye mti kuushusha mzinga hana mkono wa tatu wa kushikia tochi. Tena mwenye tochi hahitaji kumulika kwa mwenge. Cheche ya mwenge ikianguka katika majani makavu ya kiangazi, yaweza kuteketeza msitu pamoja na mizinga yenyewe.

Muuzaji atakusifia kwanza ukali wa mwanga. Usinunue kwa sifa hiyo peke yake. Nguvu ya mwanga huhesabiwa kwa lumeni, na hesabu huandikwa kwenye kasha. Kwa kazi za karibu, kama kufunga mzigo au kupika kambini, lumeni 30 zatosha. Kwa kutembea njiani, 100 hadi 200 zafaa. Taa ikiwaka kwa lumeni 500, humaliza betri upesi. Chagua yenye ngazi mbili au tatu za mwanga. Tena angalia saa zilizoandikwa kwenye kasha: kwa kipimo kitumiwacho na watengenezaji wengi, saa hizo huhesabiwa mpaka mwanga umeshuka kufikia sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo. Basi saa 40 za kasha si saa 40 za mwanga mwema.

Pili, betri. Taa ya kuchaji yafaa nyumba yenye umeme au sola. Kama huna, nunua ile itumiayo betri ndogo zinazouzwa katika duka la kijijini kwako, na uchukue za akiba.

Tatu, mvua. Alama ya IPX4 maana yake taa yahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande. Kwa msafiri wa masika yatosha. IPX7 yahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30.

Nne, mwanga mwekundu. Jicho huhitaji kama nusu saa kulizoea giza, na mwanga mweupe mkali huliharibia mazoea hayo mara moja. Mwekundu hafifu hauliharibii sana. Kwa mrina asali kuna faida nyingine. Karl von Frisch, mtaalamu aliyezaliwa Austria na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha kwamba nyuki haioni rangi nyekundu. Hata hivyo usiache moshi wala vazi la kujikinga, maana nyuki hunusa pia.

Sasa sikia onyo. Mwanga utokao kwenye paji la uso huficha vivuli, na shimo huonekana kama uwanda. Naye moma hana desturi ya kumkimbia mtu. Hulala njiani akifanana na majani makavu. Penye njia mbaya, vua taa kichwani uishike usawa wa kiuno: vivuli vitarudi, nawe utaona unapokanyaga. Viatu vigumu ni lazima. Ukikutana na mtu, inamisha taa ndipo umwamkie, usimpofushe mwenzako.

Kabla ya kulipa, ifunge kichwani, inama, tikisa kichwa. Ikiteleza, iache. Na ukishainunua, itundike mlangoni, kila mtu wa nyumba apajue mahali pake. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Taa iliyosahauliwa nyumbani nayo haimwonyeshi mtu njia.