Mtoto akichora pazia la jukwaani, usimwambie anacheza

Muleba, jioni. Mtoto wa kidato cha tatu anaingia ndani, mikono imejaa rangi hadi viwikoni. Mama anauliza daftari liko wapi. "Mama, leo tulikuwa tunachora Mto Rufiji."

Wazazi wengi, wa Muleba hata wa Bukoba mjini, hapo hukasirika. Mtoto amepelekwa shuleni asome, si apake rangi mashuka. Lakini kabla ya kugomba, muulize anachora nini.

Tuseme darasa linaandaa *Kinjeketile*, tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na mtu aliyewaaminisha watu kwamba maji yatawakinga na risasi za Wajerumani. Mtoto anaweza kukariri wahusika na dhamira, akafaulu, asijue kamwe mahali penyewe pakoje.

Pazia la nyuma ya jukwaa halimruhusu kukwepa hivyo. Mtoto wa Kagera huanza na anachokijua: ziwa lenye mawe, nyumba ya msonge, kibanja cha migomba. Mwenzake atauliza, "Huko Rufiji kuna haya?" Watafungua ramani na vitabu. Watakuta mto mkubwa unaoelekea Bahari ya Hindi, maji ya rangi ya udongo, mamba na viboko, nyumba za fito zilizokandikwa. Migomba inafutwa.

Hesabu nayo imo

Picha huanzia kwenye karatasi ya sentimita 40 kwa 30, iliyogawanywa miraba. Kitambaa cha marekani kikiwa mita 4 kwa 3, kila sentimita moja inakuwa kumi. Mtoto aliyesumbuliwa na uwiano ubaoni ataupata hapa, maana akikosea nyumba inapinda mbele ya watu wote.

Gharama si lazima iwe kubwa. Mashuka ya zamani hushonwa pamoja, yakapakwa gundi nyepesi ya unga wa muhogo ili yasinywe rangi yote. Michoro ya kwanza ni ya mkaa. Rangi ya maji ya ukutani inatosha, na udongo wetu mwekundu ukichanganywa na gundi hutoa rangi nzuri ya ukuta.

Mzazi afanye nini

Toa shuka moja kuukuu. Kisha simulia. Maji Maji ilipiganwa kusini, mbali na huku, lakini Wajerumani hao hao walikuwa na kituo Bukoba tangu 1890. Kama babu au bibi alisimuliwa habari za enzi hizo, mpeleke mtoto akamsikilize.

Siku ya onyesho, nenda. Kaa nyuma kabisa, ndipo pazia hupimwa. Ukitoka, muulize mwanao kwa nini maji yake si ya bluu kama ya ziwani. Jibu lake litakuonyesha kama alikuwa anacheza.