Mwenyewe yuko wapi?

Likizo iliyopita nilimpeleka mpwa wangu wa miaka tisa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Posta. Alipofika kwenye magari aliyotumia Mwalimu Nyerere aliinama, akachungulia kiti cha nyuma, kisha akanigeukia: "Mjomba, mwenyewe yuko wapi?"

Kuna watu wamejenga utajiri kwa kujibu swali hilo. Marie Tussaud alifungua ukumbi wake wa kudumu wa sanamu za nta Baker Street, London, mwaka 1835. Leo Madame Tussauds ina matawi katika mabara kadhaa, na tangu 2021 iko Dubai, kulekule wanakokwenda wafanyabiashara wa Kariakoo kufunga mzigo. London yumo mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Watalii wanaopanda boti hapa mjini kwenda Unguja nao hulipa kiingilio kwenye makumbusho yake ya Shangani, iliyofunguliwa 2019.

Si kazi rahisi. Gharama inayotajwa kwa sanamu moja ni karibu pauni 150,000, na huchukua miezi. Mhusika hupimwa kuanzia utosini hadi nyayoni, sura yake ikafinyangwa kwa udongo, ikatolewa kalibu, ndipo nta ikamiminwa. Kwa kuwa nta hunywea ikipoa, kichwa hufinyangwa kikiwa kikubwa kidogo kuliko cha mwenyewe. Nywele halisi huchomekwa unywele mmoja mmoja kwa sindano, na ngozi hupakwa rangi tabaka juu ya tabaka. Kiwiliwili, ambacho mtazamaji hakioni chini ya nguo, kwa kawaida ni faiba.

Hapo ndipo roho inaponiuma, maana karibu vyote hivyo tunavyo. Tanzania ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nta ya nyuki barani Afrika. Nta ya Tabora inasafirishwa nje tangu enzi za Wajerumani, na nyingi bado inaondoka ghafi. Mafundi wa faiba tunao, wanaunda bampa za magari kila siku. Wachongaji tunao pale Mwenge. Kufinyanga sura ifanane na mtu fulani, hadi mamaye akiiona ashtuke, ni ujuzi wa peke yake, na ndio wa kugharamia mafunzo.

Nikisema tuwe na sanamu za nta hapa kwetu, wengi huuliza kuhusu joto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, hivyo jua la Dar haliwezi kuiyeyusha ndani ya nyumba. Kazi iko kwenye unyevu na vumbi la mji huu, vinavyodai kiyoyozi kisichozimwa. Mwekezaji aanze hesabu na bili ya umeme, aongeze na jenereta.

Sanamu zetu tumezoea kuzisimamisha nje, kwa heshima, kwa fedha za umma. Askari wa shaba wa Mtaa wa Samora, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, yuko pale tangu 1927, na kila mpita njia humpiga picha bure. Sanamu ya Mwalimu iliyozinduliwa Addis Ababa Februari 2024 nayo ni ya heshima. Ziendelee kuwa hivyo. Ninachokitaka mimi ni cha ndani, chenye mlango: Mwalimu mmoja wa nta kando ya gari lake, familia ikiwa imeridhia na ina fungu lake kwenye mapato. Kiingilio cha Mtanzania kibaki chini kuliko cha mgeni kama kilivyo sasa, maana wanaojaza kumbi zile ni watoto wa shule. Fedha itoke kwenye picha inayosafishwa papo hapo, mtoto akaipeleke nyumbani ikatundikwe sebuleni.

Tulipotoka tulipitia Kariakoo kutafuta sare za shule. Nje ya duka moja la nguo za kiume ulisimama mdoli uliovalishwa suti ya buluu, umechubuka pua. Mpwa wangu akaushika mkono, akanyoosha mgongo kama mgeni wa Ikulu, akaniomba nimpige picha. Nikamwangalia mwenye duka.

"Piga tu, kaka," akasema. "Hatulipishi."