Wasaa wa Vidole

Aghalabu mtu wa pwani anayejiandaa kwa safari ya nchi ya baridi kali huingia dukani na dhana moja thabiti, nayo ni kwamba kiatu cha baridi ni kile kinachotoa joto. Na kwa kuwa dhana hiyo imeota mizizi, huinua buti moja baada ya nyingine, akazipima uzito mkononi, akachungulia manyoya yaliyojaa ndani, kisha akachagua ile iliyo nzito kuliko zote na inayomkaa barabara kama makubadhi aliyokatiwa kwa kipimo cha mguu wake. Mimi niliyeanza kazi ya ngozi kwa makubadhi hayohayo kule Mombasa, na ambaye kwa miaka mingi sasa nashona na kutengeneza buti katika jiji la Winnipeg nchini Kanada, nimeyaona matokeo ya uchaguzi huo mara nyingi, na mara ya kwanza niliyaona miguuni mwangu mwenyewe.

Winnipeg ni mji ulio mbali na bahari, juu ya uwanda usio na mlima wa kuukinga upepo, ambako wastani wa Januari ni takriban nyuzi 16 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi, na ambako mwaka 1879 baridi ilishuka hadi nyuzi 47.8 chini ya sifuri. Katika majira yangu ya kwanza ya theluji nilinunua buti za ngozi nzuri, zenye manyoya maridhawa, nikavaa ndani yake soksi pea tatu kwa kudhani kwamba wingi ni kinga, nikaenda kusubiri basi. Dakika kumi za kwanza vidole viliuma; dakika kumi zilizofuata vikaacha kuuma, nami nikamshukuru Mungu, kwa ujinga wa mgeni asiyejua kwamba ganzi hiyo ndiyo hatari yenyewe. Nilipofika kazini na damu ikaanza kurudi, nililia machozi mbele ya watu walionizidi umri na waliokwisha kuona mambo hayo, na mmoja wao akanivua buti bila ya kuniuliza, akazitazama zile soksi tatu, akatikisa kichwa.

Kiatu hakina moto ndani yake. Moto ni wa mwili, na damu ndiyo inayouchukua hadi kwenye ncha za vidole. Kazi ya kiatu ni kuuzuia usipotee upesi kuliko unavyoletwa. Basi mwili unapohisi baridi, wenyewe huibana mishipa ya miguu na mikono ili joto libaki kifuani na tumboni ambako uhai umewekwa, na buti inayobana hukamilisha kazi hiyo kwa kuifinya ile mishipa iliyokwisha kujifinya. Fauka ya hayo, kinachohifadhi joto katika sufu au manyoya si nyuzi zenyewe bali ni hewa iliyotulia baina ya nyuzi hizo, kwa hiyo soksi tatu zilizoshindiliwa ndani ya kiatu kimoja hufukuza ile hewa na kumwachia mvaaji kitambaa kigumu tu. Nafasi hiyo ya vidole na ya hewa ndiyo ninayoiita wasaa, na katika buti za baridi hakuna sifa ninayoitanguliza mbele yake.

Wala si maarifa mapya haya. Wasami wa kaskazini ya Ulaya walijaza nyasi laini zilizokaushwa ndani ya viatu vyao vya ngozi ya kulungu wa theluji, wala hawakuhitaji soksi. Na Roald Amundsen wa Norwei, aliyefika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911, alipitisha majira ya baridi pamoja na wenzake kambini wakifumua na kushona upya buti walizokuja nazo kwa kuwa zilikuwa ngumu na finyu. Mwezi Septemba mwaka huo walipojaribu kuondoka mapema mno, baridi iliyopita nyuzi 50 chini ya sifuri iliwarudisha, baadhi yao visigino vimeganda, wakazifumua tena ili zipate nafasi zaidi. Kwa sisi mafundi, safari ile ni habari ya sindano na uzi kama ilivyo habari ya mbwa na sleji.

Namna ya kupima ni nyepesi, ila yataka mtu asione haya mbele ya muuzaji. Nenda jioni, mguu ukiwa umekwisha kuvimba kidogo kwa shughuli za mchana, nawe umechukua soksi zilezile utakazovaa, yaani nyembamba ndani na moja nzito ya sufu juu yake, bila ya pamba hata kidogo. Chomoa soli ya ndani ya buti, iweke sakafuni, simama juu yake: mbele ya kidole kirefu pabaki upana wa kidole gumba, na ubavuni pasitokeze nyama. Kisha irudishe, vaa, funga gidamu, na uchezeshe vidole vyote vitano kama apigaye kinanda. Kikiwapo hata kimoja kisichocheza, buti hiyo si yako, japo ingekuwa ya bei ya chini namna gani.

Adui wa pili ni maji, na aghalabu hayatoki nje. Katika baridi kavu ya nyuzi 30 chini ya sifuri theluji ni kama mchanga, haiyeyuki wala hailowanishi. Kinacholowanisha ni jasho la mguu wenyewe, na kwa vile maji husafirisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, mguu uliolowa asubuhi huganda jioni. Ndiyo maana napendelea buti ambayo bitana yake hutoka. Ninayo moja mezani ninapoandika: ni kama soksi nene isiyo na mshono wa mbele, ya sufu iliyoshindiliwa, rangi ya majivu, na nikiigeuza nje naona pale penye vidole alama ya unyevu iliyokauka, yenye kingo nyeupe za chumvi. Bitana hiyo hutolewa kila usiku na kutundikwa ndani ya nyumba, si juu ya jiko. Iliyoshonewa ndani hubaki na jasho la jana.

Kuhusu soli, iwe nene, iwe ya mpira, na ncha isiwe ya chuma kwa asiyelazimishwa na kazi yake. Nambari zinazoandikwa kwenye kisanduku, kwamba buti hii yafaa hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, mimi huzisoma kama nisomavyo sifa za bidhaa yoyote, kwani anayetembea na anayesimama kituoni hawana baridi moja. Hata ile alama ya CI kwenye viatu vya kazi, ambayo kwa hakika ina kipimo, hueleza tu kwamba kiatu kilichowekwa dakika 30 penye nyuzi 17 chini ya sifuri hakikupoteza ndani yake zaidi ya nyuzi 10.

Wako wanaoniuliza kama wanaweza kununua nyumbani, na ni kweli kwamba katika mitumba ya soko la Kongowea, Mombasa, hutokea buti njema za watu wa kaskazini kwa bei ya kuchekesha. Lakini soli nyingi za siku hizi zina tabaka jepesi la poliyurethani, na tabaka hilo, likikaa miaka katika joto na unyevunyevu wa pwani, huoza kimyakimya ilhali ngozi ya juu ingali inang'aa. Igeuze buti chini juu, ubonyeze ubavu wa soli kwa ukucha wa kidole gumba: ukucha ukizama na shimo lisijirudi, au ukitoka na makombo kama ya mkate uliolala, irudishe kwenye fungu lake.