Mbwa na Paka Walioachwa Nyuma: Kuwapokea, Kuwafundisha na Kuwatunza Wakati wa Baridi

(MUZIKI WA KUFUNGUA, SEKUNDE 10, KISHA UNASHUKA CHINI YA SAUTI)

SAUTI 1: Leo tunazungumza juu ya mbwa na paka, hasa wale ambao wenyewe walikimbia wakawaacha.

SAUTI 2: Dada, huenda msikilizaji akasema: watu wenyewe hawajashiba, nanyi mnatuletea habari za mbwa?

SAUTI 1: Ana haki ya kuuliza, kaka. Lakini tazama mambo yalivyo. Vita au volkano inapowatoa watu nyumbani, mbwa hubaki barabarani. Wanakaa kwa makundi, wanatafuta chakula kwenye majalala, na hakuna anayewapeleka kwenye chanjo. Mtoto anayepita akienda kuchota maji ndiye anayeumwa. Paka naye akiondoka, panya wanaingia kwenye mahindi na maharage ya mgao. Kwa hiyo kumtunza mnyama vizuri ni kuilinda familia.

SAUTI 2: Na baridi inazidisha shida. Wasikilizaji wetu wa Lubero, wa Masisi, wa milima ya Minembwe, wa Nyamagabe nchini Rwanda, au wa Kabale nchini Uganda wanaujua usiku wa Julai ulivyo. Mvua za Septemba zikianza, baridi inakuja na unyevu. Mnyama naye anatafuta joto, na joto analipata penye watu.

(MUZIKI MFUPI)

SAUTI 1: Tuanze na kumpokea mnyama. Kwanza, uliza kama ana mwenyewe. Mwambie kiongozi wa bloku au wa mtaa, waulize majirani, toa siku chache. Watu waliotawanyika hurudi, na mbwa wa mtu ni mali yake.

SAUTI 2: Pili, jipime. Mbwa mmoja atakula kila siku. Ikiwa chakula chake kitatoka kwenye sahani ya mtoto, usimchukue. Hakuna aibu kusema huwezi. Shirikianeni familia mbili au tatu kumlisha mmoja, naye alinde wote.

SAUTI 1: Tatu, mwangalie kabla ya kumgusa. Mbwa anayeuma bila kuchokozwa, anayetokwa na mate mengi, anayeshindwa kumeza, ambaye sauti yake imebadilika au anayeyumba akitembea, usimsogelee. Hizo ni dalili za kichaa cha mbwa. Waondoe watoto, kisha toa habari kwa daktari wa mifugo au kwa kiongozi wako.

SAUTI 2: Na mbwa anayeonekana mzima?

SAUTI 1: Huyo naye anahitaji uangalifu. Ugonjwa huu unaweza kukaa mwilini majuma au hata miezi bila kuonekana. Kwa hiyo mbwa uliyempokea apelekwe kwenye chanjo mapema, na majuma ya kwanza asilale na watoto. Chanjo hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa ratiba atakayokupa daktari. Paka pia huchanjwa. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa katika eneo, ugonjwa unakosa njia ya kuenea. Kampeni ya chanjo ikipita kwenu, usimfiche mbwa wako.

SAUTI 2: Na mtoto wa mbwa asitolewe kwa mama yake kabla ya majuma 8. Akitolewa mapema anadhoofika, wala hajajifunza kwa ndugu zake kwamba kuuma kunaumiza.

(MUZIKI MFUPI)

SAUTI 2: Sasa mafunzo. Wengi tulikua tukiona mbwa akifundishwa kwa fimbo.

SAUTI 1: Fimbo inamfundisha kuogopa, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma haraka. Mpe jina fupi. Mwite, na akija mpe kipande kidogo cha chakula. Fanya hivyo mara chache kila siku. Tumia neno lile lile kwa jambo lile lile, na nyumba nzima ikubaliane. Baba akisema "kaa" na mama akisema "tulia", mbwa atachanganyikiwa. Akikosea, geuza uso, usimpe kitu. Akifanya vizuri, msifu papo hapo, kwa sababu baada ya dakika chache hajui tena anasifiwa kwa nini.

SAUTI 2: Na kumfunga?

SAUTI 1: Kamba ndefu, laini, isiyokaba shingo, tena kwa saa chache tu. Mbwa aliyefungwa mchana kutwa anakuwa mkali. Paka ana njia yake. Ukimhamisha, mfungie ndani majuma 2 au 3, umlishe kwa saa ile ile, umwekee boksi la mchanga. Ukimwachia siku ya kwanza atajaribu kurudi alikotoka, hata kama huko nyumba haipo tena.

SAUTI 2: Nasi watu tunahitaji mafunzo. Wazazi, waambieni watoto hivi leo jioni. Usimguse mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Mbwa usiyemjua akikujia, usikimbie. Simama kama mti, mikono ubavuni, usimtazame machoni. Akikuangusha, jikunje, funika shingo na masikio kwa mikono, unyamaze. Fanyeni kama mchezo, ili siku ya hatari mwili ukumbuke wenyewe.

(MUZIKI MFUPI)

SAUTI 1: Tuje kwenye baridi. Adui wa kwanza ni ardhi yenye maji. Mwinue mnyama kutoka chini kwa mbao, matofali au magunia yaliyokunjwa. Juu yake weka majani makavu. Blanketi kuukuu likilowa linakaa na maji na kumpoza, lakini majani makavu yanashika joto na ni rahisi kubadilisha. Kibanda kiwe kidogo, cha kumtosha kugeuka na kulala, kwa sababu joto ni la mwili wake mwenyewe. Mlango uelekee upande usio na upepo, na kipande cha turubai kizuie mvua.

SAUTI 2: Akilowa, mkaushe kwa kitambaa. Watoto wa mbwa na wa paka katika majuma yao ya kwanza hawawezi kujipasha joto. Wakitengana na mama yao usiku mmoja wa baridi wanaweza kufa.

SAUTI 1: Hapa kuna onyo linalowahusu watu pia. Jiko la makaa, ile mbabula, lisilale ndani ya hema au nyumba iliyofungwa. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Inaua wanyama na watu waliolala bila hata kuwaamsha.

SAUTI 2: Chakula je?

SAUTI 1: Kwenye baridi mwili unaunguza chakula zaidi, kwa hiyo ongeza kidogo ukiweza. Mbwa atakula ugali uliochanganywa na mabaki ya sambaza au ndagala. Paka haishi kwa ugali peke yake. Mwili wake unahitaji nyama au samaki, na akikosa kwa muda mrefu anaweza kupofuka na moyo ukaharibika. Vichwa vya ndagala vinamfaa. Msiwape vitunguu, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, maana inavunjika kama sindano. Na maji safi kila siku, hata kama ni baridi.

SAUTI 2: Wengine humpaka mbwa petroli au oili chafu ya gari ili viroboto wafe.

SAUTI 1: Waache kabisa. Inaunguza ngozi, na akijilamba anakunywa sumu. Choma majani ya kulalia kila juma, weka mapya, muoshe kwa sabuni siku ya jua, na uliza dawa kwa daktari wa mifugo.

SAUTI 2: Wasikilizaji wa Ituri wana jambo la kuongeza, kwa sababu huko ugonjwa wa tauni bado upo. Tauni hupitia viroboto vya panya, na paka anaweza kuupata kwa kula panya mgonjwa, kisha akampa mtu. Mkiona panya wengi wamekufa, msiwashike. Toeni habari kituo cha afya, na paka asilale kitandani. Mtu mwenye homa kali na uvimbe kinenani au kwapani apelekwe upesi, kwa sababu dawa ipo, na inasaidia sana ikianza mapema.

SAUTI 1: Na ndugu zetu waliohamishiwa Kanada au Marekani, mkikuta theluji kwa mara ya kwanza, mbwa akae ndani. Mfuteni miguu akitoka nje, maana chumvi ya barabarani inamuumiza. Maji ya rejeta yanayozuia kuganda yana ladha tamu, lakini kiasi kidogo kinaua mbwa na paka. Na kabla ya kuwasha gari asubuhi, pigeni boneti kwa mkono. Paka hujificha humo akitafuta joto.

(MUZIKI MFUPI)

SAUTI 2: Tumeacha jambo kubwa mwisho ili mlikumbuke. Mtu akiumwa na mbwa, afanye nini?

SAUTI 1: Oshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, kwa hiyo tazama saa. Usipake pilipili, mafuta wala majani. Jiwe jeusi halitoi ugonjwa huu. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo, hata kama mbwa ni wa nyumbani. Chanjo hutolewa zaidi ya mara moja: ratiba inayotumika sana ni siku ya kwanza, kisha baada ya siku 3, 7 na 14. Ukipewa kadi, maliza siku zote, hata kama jeraha limepona.

SAUTI 2: Kuna anayesema nitangoja nione kama mbwa ataugua.

SAUTI 1: Asingoje. Mbwa aliyeuma, akiwa na mwenyewe, afungwe mahali salama na aangaliwe siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, daktari ataamua kama chanjo ya mtu isimame. Lakini mtu aanze kwanza. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, akaanza kuogopa maji, karibu hakuna anayepona. Chanjo imejulikana tangu Louis Pasteur alipoitumia kwa mtoto aliyeumwa, mwaka 1885. Hata hivyo duniani watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na karibu wote waliupata kwa mbwa. Kati ya kila 10 wanaokufa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15.

SAUTI 2: Na kituo kikikosa chanjo?

SAUTI 1: Osha jeraha kwanza, kisha waombe wakuelekeze hospitali iliyo nayo. Mwambie pia kiongozi wa kambi, maana mashirika ya afya yanaweza kusaidia usafiri. Usirudi nyumbani ukakaa kimya.

SAUTI 2: Basi tuyashike haya: mnyama unayempokea, mchanje. Unapomfundisha, usimpige. Wakati wa baridi, alale pakavu. Na jeraha la mbwa ni sabuni dakika 15, kisha kituo cha afya siku ile ile.

SAUTI 1: Kama jirani yako hana redio, mpelekee habari hii, na uanze na watoto. Mlale salama, na joto liwafikie wote walio chini ya paa lenu.

(MUZIKI WA KUFUNGA)